Kifo cha Marehemu

Siku Marehemu alipokufa, mtu wa kwanza kuambiwa alicheka.

Huwezi kumlaumu. Katika mji ule mdogo, Marehemu lilikuwa jina la mtu aliye hai, fundi wa kuchomelea mageti, baba wa mapacha, mwenye kifua kipana na pumu ya tangu utotoni. Jina alilipata kwa kufa. Kuna kikundi cha marafiki kilichokuwa kikitengeneza filamu siku za Jumapili, kwa kamera moja ambayo siku nyingine ilikuwa ikipiga picha za harusi, na hakuna filamu iliyotoka bila yeye kufa ndani yake. Alikuwa ameshakufa kwa risasi, kwa kuzama na kwa kuanguka kutoka juu ya paa la shule. Watoto wakimkuta njiani walimwamkia, "Shikamoo, Marehemu!" Naye aliitikia, "Marahaba wanangu, ila msinifuate."

Jumapili hiyo walikuwa katika ghala la zamani la mbao, nyuma ya reli. Marehemu alikuwa mfungwa aliyefungiwa ndani ya stoo inayoungua. Mguu wake mmoja ulifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, mnyororo wa kweli kabisa, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeuchomelea karakanani kwake na kujisifu kwamba hata tembo hatoki. Saa tisa na nusu alasiri sauti ya Dairekta, kiongozi wa kikundi na mwenye kamera, ilisikika kutoka ndani ikisema, "Kata!" Mwanamume mmoja aliyekuwa nje akichochea pipa la moshi alifungua mlango, akaingia huku amejifunika pua kwa fulana.

Huyo ndiye waliyemwita Kimya, kwa sababu kila akipewa maneno ya kusema mbele ya kamera aliyasahau. Alimkuta Marehemu amelala ubavu.

"Kaka, inuka, kata imeshapigwa."

Marehemu hakuinuka. Kimya hakushtuka, kwani mtu huyu alikuwa na mchezo wa kuendelea kufa hata baada ya kuambiwa basi, ili awachekeshe wenzake. Akachuchumaa, akamtekenya mbavuni, mahali ambapo kila mtu alijua Marehemu hawezi kuvumilia. Akamtekenya tena. Ndipo alipopiga kelele, na watu waliokuja mbio kutoka upande wa reli walifika wakitabasamu, wakidhani filamu bado inaendelea.

"Jina la marehemu?" askari wa kwanza kufika aliuliza.

"Marehemu."

"Nauliza jina lake."

"Ndilo hilo, Afande. Jingine sijawahi kulitumia," alisema Kimya, kisha akaanza kulia.

Jumatatu asubuhi wakamkamata.

*

Dada yake Kimya alikuwa na studio ndogo karibu na soko. Alipiga picha za vitambulisho, alitoa nakala, na jioni alihariri filamu za kikundi kwenye kompyuta yake. Kwa kazi hiyo ya kukata na kuunganisha wakambandika jina la Mkasi, naye akalizoea kama mtu anavyozoea kovu. Hakuwa akienda kwenye kurekodi. Watu wale aliwajua zaidi kwenye kioo kuliko ana kwa ana, na alimjua kila mmoja anavyopepesa macho.

Jumanne mchana Inspekta aliingia studioni. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafua yasiyomwacha. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, mbele ya kitambaa cha buluu, kama aliyekuja kupigwa pasipoti.

"Najua ni mdogo wako," alisema. "Una haki ya kunifukuza. Lakini mji mzima sina mwingine anayeyajua haya mambo ya video. Nitakaa hapa niangalie mikono yako."

"Iangalie, Afande. Ila kwanza niambie mmemkamata kwa lipi."

Inspekta alipenga kamasi taratibu. "Mtu mwenye pumu amekufa kwa moshi. Inhela yake, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, mkewe anaapa haiachi, hukaa mfuko wa shati mchana na usiku. Tumeikuta ndani ya begi la mdogo wako. Halafu kuna ule ugomvi wa Alhamisi. Mdogo wako alimwambia mwenzake mbele ya watu, 'Ipo siku utakufa kweli, na sitalia.'"

"Alichekwa, Afande. Siku hiyo ya mazoezi alipewa tena sentensi ya kusema. Maneno matatu tu: 'Mfungwa huyu ametoroka.' Akayasahau, na Marehemu akamcheka mpaka akakaa chini."

"Watu wameuana kwa kuchekwa. Na huo moshi wenyewe daktari anasema ulikuwa mwingi kupita akili. Mdogo wako anasema Dairekta alimwambia aongeze. Dairekta anasema hakumwambia chochote."

Mkasi aliingiza kwenye kompyuta kadi ya kamera, ile ambayo Dairekta aliwakabidhi polisi Jumatatu. "Dairekta amekwambia kuhusu ishara?"

"Amenieleza. Nieleze na wewe."

"Mwaka jana tulipofanya ile ya kuzama, Marehemu alikamatwa na msuli majini. Akaita msaada, akalia, na watu ufukoni wakampigia makofi. Kwetu sisi mtu akilia, yuko kazini. Akisema nakufa, yuko kazini. Akimwomba Mungu, tunasema leo huyu ameamka vizuri. Hakuna anayesogea mpaka Dairekta aseme kata. Ndiyo sheria. Baada ya siku ile tukakubaliana kwamba akizidiwa ataweka kiganja juu ya utosi. Hakuna mtu anayekufa huku ameshika utosi wake, kwa hiyo haiwezi kuchanganywa na uigizaji."

"Nani angeiona ishara hiyo juzi?"

"Aliye nyuma ya kamera. Yaani Dairekta. Kamera yake hampi mtu."

"Anasema hakuiona. Labda haikutolewa, labda moshi uliifunika."

Wakatazama. Kipande hakikuwa na sauti, kwa sababu kinasa sauti cha kamera ile kilishakufa siku nyingi. Kwanza ilitokea mikono miwili mbele ya lenzi, ikapiga kofi. Kisha Marehemu, shati la mfungwa, masizi usoni. Alikohoa, akauvuta mnyororo, akapiga sakafu kwa ngumi. Moshi ukaja kutoka kushoto, ukajaa, kioo kizima kikawa cheupe. Ulipotawanyika, Marehemu alikuwa amelala. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, Kimya akaonekana amejifunika pua.

"Hakuna kiganja," alisema Inspekta.

Mkasi alirudisha nyuma, akasimamisha picha kwenye shati. Kisha akafungua kipande kilichorekodiwa kabla ya hicho, nje ya ghala, Kimya akimsukuma mfungwa ndani. Kwenye kipande cha nje uso ulikuwa bado safi na mfuko wa shati ulikuwa umetuna. Kwenye kipande cha ndani ulikuwa bapa.

"Inhela ilitolewa katikati ya hapa na hapa," alisema.

"Na mtu aliye naye hapa ni mdogo wako."

"Ndiyo, Afande."

Jibu lenyewe lilimchoma. Inspekta alimwachia nakala akaenda zake, na Mkasi akakitazama kipande kile tena na tena. Kulikuwa na kitu ndani ya ule moshi kilichomkera, lakini hakuweza kukitaja.

*

Kituoni walimruhusu azungumze na mdogo wake kupitia dirisha la nondo. Kimya alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu aliyeugua mwezi.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Anajua. Hali wala halali. Sasa nisikilize. Nani alimpaka Marehemu masizi?"

"Si Msusi? Ndiyo kazi yake. Mimi sikuona, nilikuwa nyuma na pipa langu."

"Begi lako uliliacha wapi?"

"Mlangoni, kwa ndani. Dada, mimi hiyo dawa sikuigusa. Na moshi niliambiwa niongeze, tena zaidi ya mara moja, kupitia lile tundu la ukutani. Ile sauti iliyorekodiwa ndiyo shahidi wangu."

"Iko wapi?"

"Simu ya Msusi. Siku zote tunaining'iniza kwenye msumari. Lakini eti haikurekodi." Akaushika mkono wa dada yake kupitia nondo. "Dada, wananiambia nitanyongwa."

"Nani anakwambia?"

"Wenzangu humu ndani."

"Waambie wakusanye sheria zao wakafungue chuo. Hutanyongwa." Alisema hivyo kwa ukali, akageuka haraka ili Kimya asiuone uso wake.

Msusi alikuwa na saluni mtaa wa pili. Ndiye aliyekuwa mke, mchumba na mjane wa kila filamu, na ndiye aliyewapaka wengine damu na masizi. Mkasi alimkuta akisuka, akamwita nje, kwenye uchochoro wenye harufu ya dawa ya nywele.

"Sauti ya Jumapili iko wapi, shoga yangu?"

"Chaji iliisha. Nimeshawaambia polisi."

"Masizi ulimpaka wewe?"

"Kwani nani mwingine?"

"Wewe hupaka kwa sponji, na mwaka mzima unatugombeza kwamba vidole vinaacha mistari. Uso wa Marehemu una mistari ya vidole kuanzia shavuni mpaka shingoni. Nimeukuza mpaka nimeuhesabu mkono mzima."

Machozi yakamtoka Msusi bila sauti, kama anavyoyatoa kwenye filamu, na Mkasi akajilaumu kwa kufikiria hivyo.

"Sikuwepo," alisema. "Niliiweka simu ikirekodi, nikaitundika, nikatoka. Nilikwenda kwa lile kundi la filamu la ng'ambo ya mto. Wameniahidi nafasi ambayo silii msiba wa mtu. Niliporudi nikakuta watu wamejaa. Ningesemaje? Mwenzangu anakata roho, mimi niko kwa wapinzani wetu?"

"Kwa hiyo simu ilirekodi."

"Ilirekodi yote. Dairekta aliniambia niifute, eti itamuumiza mjane akiisikia."

"Lini alikwambia?"

"Pale pale. Kabla polisi hawajafika."

Mkasi aliegemea ukuta. "Na umeifuta?"

"Siwezi hata kuigusa. Kila nikitaka kubonyeza, mkono unaganda."

*

Jumatano mchana Inspekta aliketi tena mbele ya kitambaa cha buluu. Mvua ilikuwa ikinyesha, studio haikuwa na mteja. Mkasi aliweka picha juu na sauti ya simu ya Msusi chini, kama alivyofanya kwa filamu zote.

"Ndiyo maana tunapiga kofi mwanzoni," alieleza. "Ninatafuta kofi kwenye picha, ninatafuta kofi kwenye sauti, ninayaweka pamoja. Yakikaa sawa, mdomo na maneno vinakwenda pamoja mpaka mwisho."

Kofi likalia, mikono ikakutana. Marehemu akakohoa na kikohozi kikasikika. Mnyororo ulipovutwa, ulilia. Ngumi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na mlio wake. Moshi ukajaa, ukatawanyika, mlango ukafunguka, Kimya akaingia.

Lakini mlango haukusikika. Kwenye sauti Marehemu alikuwa bado anakohoa.

Picha iliisha, kioo kikawa cheusi, na sauti ikaendelea. Kikohozi kilibadilika kikawa mluzi mwembamba wa mtu anayetafuta hewa kwenye tundu la sindano. Halafu ikaja sauti ya Dairekta, ya chini, ya mtu anayembembeleza mtoto alale: "Ongeza moshi." Nje pipa likavuma. Mnyororo ukatatarika. "Vizuri. Hapo hapo. Ongeza kidogo." Pipa likavuma tena. Kisha kukawa na ukimya mrefu, mrefu mno, ambao Inspekta alisahau kupenga kamasi ndani yake. Mwisho wa ukimya ule ndipo iliposikika "Kata!" na mlango ukagonga ukuta.

"Karibu dakika tatu hazimo kwenye picha," alisema Mkasi. Sasa alikijua kilichokuwa kikimkera. "Amekata ndani ya moshi, Afande. Kioo kikiwa cheupe chote, unaweza kutoa kipande na kuunganisha weupe na weupe, na hakuna jicho litakaloona. Nilimfundisha mimi."

"Sauti inasema aliagiza moshi. Hilo linamsaidia mdogo wako." Inspekta alizungumza polepole. "Lakini haisemi kama aliiona ishara. Atadai alidhani ni uigizaji, nami sitakuwa na la kumjibu. Kinachosema ni kile kipande alichokitoa, na mtu mwenye akili atakuwa ameshakifuta."

"Hajakifuta."

"Unajuaje?"

"Nimekata filamu zake miaka yote hii. Hata akisahau kuzima kamera ikarekodi viatu vyake vinatembea, hafuti. Na mwaka jana tulipeleka filamu kwenye mashindano mjini. Jaji mmoja alisimama mbele ya ukumbi akasema, 'Hawa watu wenu hata kufa hawajui.' Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dairekta naye akacheka. Nilikaa naye kwenye basi wakati wa kurudi, safari nzima hakusema neno, alikuwa anatazama mikono yake." Mkasi aliifunga kompyuta. "Akifuta kipande kile, atakuwa amefuta kitu pekee alichokuwa akikitafuta."

Inspekta alisimama, akasita. "Kuna jambo moja. Hii sauti itamtoa mdogo wako. Lakini itapigwa mahakamani, naye atakuwepo. Kila agizo likitolewa, unasikia pipa linavuma. Atajisikia mwenyewe."

"Nimeshalifikiria, Afande. Twende."

*

Dairekta aliwapokea sebuleni kwake, palipojaa picha za maharusi wa watu wengine. Alikuwa mwembamba, nadhifu, mwenye sauti ya upole. Hata mkewe alimwita Dairekta. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imewashwa, imefunikwa kitambaa.

"Karibuni. Mkasi, pole kwa ya mdogo wako. Sikutaka yafike huku."

"Asante. Masizi ulimpaka wewe?"

Alifikiri kidogo tu. "Ndiyo. Msusi hakuwepo, mwanga ulikuwa unakimbia."

"Na inhela?" aliuliza Inspekta.

"Inhela gani?"

"Mlipokuwa nje mfuko umetuna. Ndani, mfuko bapa. Katikati ya hapo mtu aliyemkaribia ni wewe uliyempaka masizi. Mdogo wake huyu alishakwenda kwenye pipa."

Dairekta alitazama dirishani, mvua ikitiririka kwenye kioo. "Ilikuwa inaharibu picha," alisema hatimaye. "Mfungwa wa zamani zile, na kitu cha plastiki mfukoni? Nilimwambia anipe nimshikie. Nikaitia kwenye begi lililokuwa karibu. Sikujua ni la nani."

"Tulipoikuta ukajua ni la nani."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Mngenielewa vibaya, Inspekta."

"Ufunguo wa mnyororo ulikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu. Huo nao ungeonekana."

Mkasi hakuweza kuvumilia zaidi. Alimwona mdogo wake kwenye dirisha la nondo, akamwona mama yake amekaa mbele ya sahani ambayo hajaigusa. "Alishika utosi?" aliuliza.

"Hakushika. Moshi ulikuwa mzito."

"Tumesikiliza sauti. Msusi hakuifuta. Umetoa karibu dakika tatu ndani ya moshi, kwa mkato niliokufundisha mimi. Kama moshi ulikuwa mzito kiasi cha kutoona kitu, ulikuwa unatoa nini?"

Hapo uso wa Dairekta ulibadilika. Haukuwa na woga. Ulikuwa na aibu kidogo, kama ya mtu aliyekutwa anasoma shairi lake mwenyewe kwa sauti. Mkono wake ulisogea kuelekea kwenye kitambaa kilichofunika kompyuta, ukarudi.

Inspekta aliuona. Alivuta kitambaa, akampisha Mkasi kwenye kiti.

Hakuhitaji kutafuta. Filamu ilikuwa imefunguliwa, inahaririwa. Mwanzoni kulikuwa na maandishi meupe juu ya rangi nyeusi: Kwa heshima ya Marehemu, aliyetupenda mpaka mwisho. Mkasi alisogeza mbele mpaka ghalani. Moshi ulijaa, ukatawanyika, na safari hii Marehemu alikuwa bado amepiga magoti. Macho yalimtoka. Aliinua mkono wa kulia, akauweka juu ya utosi, akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Aliutazama uso wa rafiki yake aliyekuwa nyuma ya kamera, akasubiri.

Kamera haikuzimwa. Ilimsogelea. Picha ilikua taratibu, ikaacha mnyororo, ikaacha sakafu, mpaka kikabaki kichwa na kiganja juu yake.

Akashusha mkono, akauweka tena. Mwanga wa jua uliopenya kwenye mabati ulimwangukia usoni kupitia moshi. Chini ya picha Dairekta alikuwa ameshaweka muziki.

Mkasi alitaka kugeuka lakini akajilazimisha kutazama mpaka mkono ule uliposhuka kwa mara ya mwisho, kwa sababu aliona ni aibu mtu yule aombe tena na asiwepo wa kumwangalia.

"Uliiona," alisema Inspekta.

"Niliiona." Dairekta hakuwatazama wao, alitazama kioo. "Mara ya kwanza nilitaka kusema kata. Mungu ananiona, mdomo niliufungua. Halafu nikamwona anavyotazama. Miaka kumi na miwili namwambia, 'Usirushe miguu, usigeuze macho, tazama tu,' na hajawahi kuweza. Nikasema, sekunde moja. Nikasema, moja tena."

"Ukaagiza moshi."

"Mwanga ulikuwa unataka moshi."

"Alikuwa na watoto wawili," alisema Mkasi.

"Najua. Nilipiga picha za harusi yao." Kwa mara ya kwanza aligeuka, akamtazama Mkasi kwa macho ya mtu anayengoja hukumu, lakini si ile ya mahakama. "Wewe unajua kazi hii kuliko wote. Niambie ukweli. Kimetoka vizuri, au hakikutoka?"

Kimetoka vizuri. Hilo ndilo ambalo Mkasi hakutaka kulitamka. Hakikuwa na kosa hata moja. Alinyoosha mkono akazima kioo.

"Simama, bwana," alisema Inspekta. "Ungenyamaza tu ningesema ni uzembe. Lakini ulimnyang'anya dawa, ufunguo ukawa nao mfukoni, ukaona anaomba, ukaagiza moshi, kisha ukamwacha mtu asiye na hatia alale ndani kwa ajili yako. Hayo yote yana jina moja tu kwenye kitabu changu."

Dairekta alisimama. Mlangoni aligeuka mara moja, akawaomba wasiizime kompyuta kabla ya kuhifadhi alichokuwa akikifanya.

*

Kimya aliachiwa Alhamisi mchana. Mvua ilikuwa imekatika na barabara imejaa madimbwi. Watu waliompa kisogo siku alipokamatwa sasa walimshika mkono na kumwambia walijua tangu mwanzo. Yeye aliwaitikia wote, na kila mmoja akamwona ana furaha, isipokuwa dada yake.

Walitembea pamoja kuelekea kwa mama yao. Mkasi alikuwa amejiandaa kumweleza yote kwa mpangilio wake, hili kwanza, lile baadaye, lile jingine likisubiri mpaka apate usingizi. Ndiyo kazi aliyoizoea. Walipofika kwenye makutano ya reli Kimya alisimama.

"Inspekta ameniambia kuhusu kiganja," alisema.

"Twende nyumbani kwanza."

"Aliposhika utosi, dada, mimi nilikuwa nafanya nini?"

Mkasi aliisikia ile sauti kichwani, mluzi, agizo, pipa. Angeweza kusema hajui. Angeweza kukata hapo na kuunganisha mbele, na mdogo wake asingeona mahali pa mshono.

"Ulikuwa unachochea," alisema.

Kimya aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa nyumba anayoifahamu. "Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa kupitia lile tundu. Kila alivyozidi kukohoa nikajisemea moyoni, leo Marehemu amejitahidi, leo hata mimi namwamini." Akaitazama reli. "Tulikuwa hatusemeshani tangu Alhamisi ile. Nilipanga akitoka tu nimpe mkono, nimwambie, kaka, hapo umekufa kweli, tuyamalize."

Akakaa chini pale pale, kwenye kokoto za kando ya reli. Mkasi alikaa naye, akamshika begani, na hawakuinuka mpaka mama yao alipotuma mtu kuwatafuta.